Shemeji Alikuja na Kwaya

Watu wa parokia yetu wakimtaja shemeji yangu Egidius husema alipona kwa sababu alijishusha. Ni kweli, alipona. Nilimwona kwa macho yangu akirudi kupokea Komunyo, na mke wake Bernadina aliniambia usingizi ulimrudia, kwa hiyo sina sababu ya kumnyima haki yake. Kinachoniudhi ni namna wanavyoisimulia habari hiyo, wakianza na machozi yake na kumaliza na machozi yake, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Katikati alikuwapo mume wangu Damiani. Mimi ni Xaveria, hapa Singe, Babati, wananiita Mama Severine, nami nitaisimulia nilivyoiona mimi. Anayetaka ya machozi akamsikilize mwingine.

Egidius na Damiani walikuwa tumbo moja. Walishuka pamoja kutoka Mbulu wakiwa vijana, wakitafuta ardhi, na Egidius kwa kuwa ndiye mkubwa alichagua kwanza. Akapata shamba zuri Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, akajenga nyumba ya bati. Sisi tulipata Singe, na silalamiki. Wala sisemi kwamba shemeji alikuwa mtu mbaya. Mwaka tulipokosa mbegu yeye ndiye aliyetupa, na mtoto wetu wa pili alipofariki yeye ndiye aliyekuja na seremala. Lakini alikuwa amezoea kupishwa. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, benchi la mbele lilikuwa lake, na ukimwamkia aliitikia marahaba huku macho yameshamfikia mtu mwingine.

Damiani alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Vijana wa siku hizi hawaelewi maana yake. Miaka ile muuzaji wa duka aliogopwa kuliko hakimu. Sukari haikuwapo, sabuni haikuwapo, mafuta ya taa, khanga, hata kiberiti. Lori likija, habari zake zilifika kabla ya vumbi lake, na watu wakapanga foleni. Mwenye mgonjwa nyumbani aliweka jiwe lake kwenye mstari akaenda zake, na jiwe lile liliheshimiwa kama mwenyewe amesimama. Wauza duka wengi walinenepa. Damiani hakunenepa. Alikuwa na ugonjwa wa haki, na nilimwambia mara nyingi kwamba haki bila akili huua, akanicheka.

Siku moja ya mwaka themanini na tatu lori lilileta sukari. Nilikuwa kwenye foleni kama mwanamke mwingine yeyote, maana mume wangu hakukubali niingie kwa mlango wa nyuma. Egidius akaja, amevaa koti lake la Jumapili. Akapita kando ya foleni nzima, akina mama wenye watoto mgongoni na wazee waliochoka kusimama, akafika kaunta na kuweka mfuko wake wa kitambaa. Hakusema neno. Hakuona haja ya kusema.

Damiani akausukuma ule mfuko taratibu. "Kaka," akasema, "foleni inaanzia kule nyuma."

Watu walicheka. Laiti wasingecheka, pengine mume wangu angekuwa hai hadi leo. Mama mmoja wa sokoni akasogeza jiwe lake kwa mguu na kumkaribisha mwenyekiti, nafasi ipo, na vicheko vikazidi. Egidius akachukua mfuko wake akaondoka bila sukari. Niliiona shingo yake kwa nyuma, imekakamaa. Jioni nilimwomba Damiani aende Bonga akamtake radhi kaka yake. Akaniuliza atake radhi kwa kosa gani. Na kosa kweli halikuwapo.

Haukupita muda, msako wa walanguzi ukafika kwetu. Redio iliwataja wahujumu uchumi asubuhi na jioni, na watu wakawa wanatupa bidhaa porini na ziwani ili wasikutwe nazo. Babati tulisema mwaka ule viboko wa ziwani walikula sukari kuliko binadamu. Sisi hatukuwa na cha kutupa, au nilidhani hatuna. Mgambo na askari walikuja mchana, wakaenda moja kwa moja kwenye ghala la mahindi bila kupapasa mahali pengine. Wakatoa miche mitano ya sabuni, debe la mafuta ya taa na doti tatu za khanga. Vilikuwa vyangu. Nilivikusanya kidogo kidogo, kwa foleni, kwa ajili ya harusi ya binti yetu Kandida, ambaye posa yake ilikuwa imeshapokelewa. Niliwaeleza hivyo nikiwa nimepiga magoti. Lakini walikuwa wameambiwa kwamba Damiani anahamishia nyumbani mali ya duka, na msimu ule mche mmoja wa sabuni ulitosha kumfunga mtu. Wakampandisha kwenye Landrova, majirani wakitazama.

Jioni ile Egidius alikuja kutufariji. Alipiga magoti sebuleni kwetu, akaongoza rozari kwa ile sauti yake ya kanisani, akamwombea mdogo wake arudi salama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi wa kwangu nilimpikia uji.

Damiani alirudi wakati mvua za vuli zimeshaisha. Hakupelekwa mahakamani. Hakuambiwa ana kosa, wala hakuambiwa hana. Walimfungulia tu mlango wakamwambia aende. Alikuwa amelala muda wote huo juu ya sakafu ya saruji yenye maji, miguu imevimba hata viatu haviingii, na kisigino cha kushoto kina kidonda kisichotaka kufunga. Hospitali walimpima wakasema ni kisukari. Nchi nzima haina sukari, mume wangu anayo kwenye damu. Nilianza kucheka pale pale mbele ya daktari, nikashindwa kuacha, muuguzi akanishika mkono akanitoa nje.

Ndipo aliponiambia ni nani aliyemsema. Askari mmoja huko mahabusu alikuwa akimkejeli: nyumba yenu ya ajabu, kaka mtu anamleta mdogo wake. Nilitaka kwenda Bonga siku ile ile, nikasimame kwenye uwanja wa Egidius nimwage yote. Damiani akanikataza. Alisema neno hilo ni la Egidius kulitoa, sisi tukilitoa litaonekana ni ugomvi wa shamba. Nikakaa nalo. Nilimwona shemeji kanisani kila Jumapili, nikamwamkia, akaitikia, na moyoni nilimchukia kwa chuki ambayo sikujua kama mimi nina uwezo nayo.

Mguu ulimuuma Damiani, lakini jina ndilo lililomwangusha. Duka lilikuwa limepewa mtu mwingine. Watoto wakitoka shule walipita wakiimba mhujumu, mhujumu, kama wimbo wa mchakamchaka. Wale waliomposa Kandida walikuja siku moja, wakanywa chai isiyo na sukari, wakasema kwa adabu kubwa kwamba kijana wao bado anajipanga kimaisha. Kandida alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Hakulia mbele yetu, alikwenda kuchota maji.

Kumbe huko Bonga nako hakulaliki. Egidius alikuwa ameanza kubaki kwenye benchi wakati wa Komunyo. Mwenyekiti wa parokia, kila mtu anasimama kwenda kupokea, yeye amekaa anatazama magoti yake. Kwanza alisema ni tumbo. Halafu akasema ni presha. Bernadina alituambia akina mama kwamba mume wake halali, akifumba macho moyo unapiga mbio, na chakula kinamkaa kooni. Walimpeleka hospitali, hawakuona ugonjwa. Wakaitwa watu wa sala wakamwekea mikono na kumpaka mafuta. Hali ikawa ile ile. Kwaresima ya mwaka themanini na nne akaenda kuungama, na aliyoambiwa huko tuliyasikia baadaye kwa mdomo wake yeye mwenyewe. Padre alimwambia: dawa yako iko kwa ndugu yako. Jishushe, uende kwake.

Hebu fikiri. Maneno mepesi kama hayo, hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza angeyaelewa. Lakini shemeji alikuwa mtu wa kanisa mno. Kwake kujishusha ilikuwa ibada, na ibada ina vyombo vyake.

Alhamisi Kuu ikafika. Wiki ile nchi ilikuwa na msiba wa Waziri Mkuu, bendera nusu mlingoti kwenye ofisi zote. Kanisani walikuwa wametengwa wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu, na Egidius alikuwa mmojawapo kama kila mwaka. Niwaambie na hili, kwa sababu nimeliona miaka yote: wale kumi na wawili huja miguu yao imeshaoshwa. Husuguliwa nyumbani kwa jiwe, kucha zikakatwa, ili padre asikutane na uchafu wa kweli. Mwaka ule sisi wengine tulikuwa tunafulia majivu, na visigino vya wale mabwana viling'aa. Padre alipofika kwa Egidius, Egidius akaurudisha mguu wake nyuma, akalia kwa sauti, akasema hastahili kuoshwa, yeye ndiye anayestahili kuosha. Kanisa zima likaguswa. Akina mama walifuta machozi kwa khanga. Bibi mmoja pembeni yangu akasema tuna mtakatifu hapa Babati. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta mpaka misa ikaisha.

Jumatatu ya Pasaka, Damiani amekaa nje, mguu umelazwa juu ya kigoda, tukasikia wimbo unatokea barabarani. Nilidhani ni watu wanaosindikiza harusi. Ilikuwa kwaya ya parokia, katekista Romani mbele amebeba msalaba, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake wa kanisa, kwa vitenge vyao vya sare, na Bernadina kichwani ana beseni la enameli lenye maua mekundu. Ndani ya beseni mlikuwa na taulo jeupe na kipande kizima cha sabuni ya kunukia, ambayo mwaka ule sijui waliipata wapi. Nyuma yao Egidius, ameinamisha kichwa. Walijaza uwanja wetu wote. Wengine walikuwa hawajakanyaga pale tangu Damiani achukuliwe.

Katekista alitoa hotuba. Alisema mwenyekiti wetu ametaka kutupa mfano wa unyenyekevu, na kwamba familia nyingi zina migogoro midogo midogo ambayo shetani huitumia. Migogoro midogo midogo. Kisha beseni likatiwa maji, Egidius akapiga magoti vumbini na koti lake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Ndugu yangu Damiani, kama kuna mahali nilikukosea, naomba unisamehe." Akanyoosha mkono kuushika ule mguu wenye bandeji.

Damiani akauliza, "Mahali gani?"

Kwaya ilikuwa imeanza ubeti mwingine kwa chini. Egidius alitazama beseni, akatazama watu.

"Kaka," akasema mume wangu, wala hakupaza sauti, "ulipokwenda kunisema hukwenda na kwaya. Ulikwenda peke yako. Miguu yangu anaiosha Mama Severine kila siku, na usaha wake anaujua. Jina langu yeye hawezi kuliosha. Hilo ulilichafua wewe, na mahali ulipolichafulia unapajua."

Wimbo ukafa. Ni wachache walioelewa pale pale, lakini Egidius alielewa, na Bernadina naye nadhani alielewa, kwa sababu alikaa chini ghafla. Waliondoka bila kupanga mstari. Maji ya beseni niliyamwaga kwenye mchicha. Sabuni niliwarudishia, na nisiseme uongo, niliitamani sabuni ile kwa ajili ya kidonda.

Mnadhani walimlaumu nani? Walimlaumu Damiani. Wiki nzima akina mama walinijia kwa zamu, wakanishauri niseme na mume wangu, moyo mgumu ni dhambi, mtu mzima amepiga magoti mbele ya watoto wadogo anataka nini tena. Katekista Romani alihubiri kwenye jumuiya juu ya mtumwa asiyesamehe. Nilimuuliza mbele ya wote kama anajua kosa lenyewe ni lipi. Akasema si kazi yetu kuchimba ya watu.

Egidius aliugua zaidi. Mwanzoni, alisema mwenyewe baadaye, ilikuwa hasira tu: amejishusha kiasi kile na amekataliwa. Alikaa kitandani akiihesabia haki toba yake. Lakini swali la mahali gani halikumtoka. Siku moja akavaa shati la shamba, akaenda mjini peke yake kwa miguu, akaingia kwenye ile ofisi alikomsemea mdogo wake. Akamwambia bwana aliyekuwa mezani kwamba mwaka jana alileta taarifa ya uongo, amekuja kuifuta. Yule bwana hakutaka hata kumsikiliza. Akamwambia mzee, hayo yameshapita, au unataka na wewe tukufungulie kesi? Nenda nyumbani ukalime. Maji yakimwagika hayazoleki, na wao walishayamwaga na kusahau.

Wengi wangeishia hapo, na wangeweza kusema wamejaribu. Hapa ndipo ninapolazimika kusema neno zuri juu ya shemeji yangu, na linanitoka kwa shida. Hakuishia hapo.

Lori la sabuni lilipofika duka la ushirika, foleni ilizunguka jengo. Nilikuwamo. Egidius akaja, na watu wakaanza kumpisha kama desturi, mwenyekiti pita, mwenyekiti pita. Akakataa. Alikwenda mwisho kabisa, akasimama nyuma ya mwanamke mwenye ndoo. Tulisogea, tukasogea, mpaka akafika usawa wa mlango ambapo wote wangeweza kumwona, akavua kofia.

"Mimi ni Egidius," akasema. "Mwaka jana nilikwenda kumsema mdogo wangu Damiani kwamba anaiba mali ya duka hili. Hakuiba. Nilijua kwamba haibi. Alinikatalia kuruka foleni mkanicheka, basi nikaona nimwoneshe mimi ni nani. Ni mimi niliyemfunga."

Unajua watu walifanya nini? Walimsikiliza kwa sikio moja. Sikio lingine na macho yote mawili yalikuwa kwenye kaunta, kuona miche imebaki mingapi. Wengine walicheka wakidhani mzee amechanganyikiwa. Mmoja akamwambia atubu haraka asogee, wenzake wanasubiri. Mzee Halidi, ambaye duka lake lilifungwa katika msako ule ule na ambaye alikaa mahabusu pamoja na Damiani, ndiye pekee aliyetoka kwenye nafasi yake. Akamsogelea Egidius, akamtazama kwa muda.

"Rudia, mzee," akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Egidius akarudia. Safari hii sauti ya kanisani haikuwapo, ilikuwa sauti ya mzee tu, inakwaruza. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yake. Egidius akafika kaunta, akakuta sabuni imekwisha, akarudi Bonga mikono mitupu.

Alisema tena sokoni, siku ya mnada. Alisema tena kanisani baada ya misa, na hakwenda mbele, alisimama nyuma karibu na mlango, na hakulia. Safari hiyo hapakuwa na aliyefuta machozi. Ndani ya mwezi ule halmashauri ya parokia ikakutana ikaona ni vema mwenyekiti apumzike, kwa afya yake. Katekista Romani ndiye aliyempelekea ujumbe. Watu wale wale waliomwimbia uwanjani kwetu walikuwa wa kwanza kumkwepa njiani. Toba ya beseni waliipenda sana. Toba yenye kosa ndani yake kwao ilinuka.

Siku moja akaja kwetu kwa njia ya mashambani, peke yake, mikono mitupu. Damiani alikuwa ndani, mguu umeanza kuwa mweusi. Akamwambia kaka yake akae. Kisha nikasikia Damiani akisema, "Nimesikia umesimama foleni," na Egidius akasema, "Nilisimama." Hayo tu. Nikawapelekea makande, wakala sahani moja kama walivyokula utotoni, na Egidius alikula akamaliza, yeye ambaye chakula kilikuwa kinamkaa kooni. Nilitoka nikaenda kutwanga mahindi ambayo hayakuhitaji kutwangwa. Nilikuwa natwanga nalia kwa hasira. Ilikuwa rahisi hivyo? Sahani moja ya makande, na miezi ile yote, na mguu, na Kandida? Maana wale wakwe nao walisikia habari, wakaja kuomba radhi kwa adabu yao ile ile, wakati kijana wao ameshaoa huko Dareda.

Usiku Damiani aliona sisemi. Akaniambia, "Mama Severine, mimi nimemaliza. Wewe usiendelee kwa niaba yangu."

Alifariki baada ya mavuno, walipokuwa wanajiandaa kumkata mguu.

Kwenye mazishi Egidius alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo, kiti cha mbele na hotuba vilikuwa vyake kwa haki. Hakukaa. Alichimba kaburi pamoja na vijana, umri ule, na lilipofukiwa alibaki nyuma ya watu na koleo lake. Katekista alimwita aseme neno akatikisa kichwa. Jumapili iliyofuata, wakati wa Komunyo, alisimama kutoka benchi la nyuma, akaenda mbele na mstari, akafungua kinywa, akapokea. Nilimwona uso alipogeuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala usingizi. Sijui niueleze vipi zaidi ya hapo. Kilichokuwa kimembana kilikuwa kimemwachia.

Na mimi nilikuwa nimekaa. Mstari wa akina mama ulikuwa umeshasimama wote, jirani yangu ananisukuma kiwiko, na miguu yangu haikukubali. Nilitazama magoti yangu. Nikasema ni tumbo.

Wiki ile Egidius alikuja Singe. Hakuingia, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema Damiani alimsamehe lakini anajua Damiani hakuwa peke yake aliyefungwa, akanitajia kila kitu alichonitendea, ghala, khanga, uji niliompikia, Kandida, kidonda, kaburi. Hakuruka hata kimoja. Hakusema kama nilikukosea. Kisha akaniomba msamaha, akasubiri.

Nilijua ninachopaswa kusema. Hata leo nakijua. Nilitafuta ndani yangu, kwa haki kabisa, nikapapasa kila kona, na sikukikuta. Basi nikamjibu kama tulivyokuwa tunajibiwa dukani miaka ile yote.

"Leo hakuna, shemeji," nikamwambia. "Njoo kesho."

Akasema sawa, akavaa kofia, akaondoka. Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango alikuwa ameshafika, amesimama.